Mwanafunzi wangu asiyeona anasema mpira na duara havifanani

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Huu ni mwaka wangu wa 3 kazini. Nina watoto 68, na tangu Januari nimempokea mtoto wa kike wa miaka 6 asiyeona kabisa. Mama yake anasema alipata surua kabla ya kutimiza mwaka na macho hayakupona. Mtoto ni mchangamfu, anajua majina ya wenzake wote kwa sauti, na akisikia wimbo mara 2 ameshaushika.

Tulipofika kwenye maumbo nikafikiri tutaenda vizuri. Tuna wimbo wetu: mpira ni duara, mlango ni mstatili, kitambaa ni mraba, sambusa ni pembetatu. Yeye ndiye aliyekuwa anauanzisha. Nikajitahidi zaidi nikamtengenezea kadi zake peke yake: nilichora maumbo kwenye manila, nikabandika kamba ya katani juu ya mistari kwa gundi ili aipapase.

Nilipompa kadi ya duara alizungusha kidole, akazungusha tena na tena, akasema, "Mwalimu, hii ni njia." Nikamwambia hapana, ni duara, kama mpira. Akaomba mpira. Nikampa mpira wa soksi wanaochezea wavulana. Akaushika kwa mikono miwili, akarudi kwenye kadi, akarudi kwenye mpira, akasema, "Hivi havifanani." Darasa zima likacheka. Yeye akanyamaza, na tangu siku hiyo hataki kushika kadi zangu. Kwenye rekodi yake ya maendeleo niliandika kwamba umahiri wa kutambua maumbo hajaumudu.

Mwalimu mwenzangu, ambaye ni mkubwa kwangu, ameniambia nisijisumbue. Anasema maumbo ni mambo ya macho, nimwache aimbe na wenzake, akikua atapelekwa shule ya wasioona wamfundishe huko. Moyo wangu umekataa ila sijui pa kuanzia. Fedha za zana hatuna. Na katika hao hao 68 ninaye mtoto mwingine mwenye ualbino, ambaye kila nikichora ubaoni anainuka mpaka pua yake inakaribia kugusa chaki. Nifanyeje, Mama?

Mwalimu wa Awali, Muheza


Marahaba mwanangu,

Nianze na jambo ambalo lingeweza kusubiri, lakini sitaki lisubiri: mtoto wako yuko sahihi. Mpira si duara. Mpira ni tufe. Duara ni bapa, halina unene, halijai mkononi. Umempa vitu viwili visivyofanana, akavichunguza kwa utulivu, akakueleza alichokikuta. Waliocheka ndio waliokuwa hawajatazama vizuri.

Sikulaumu. Wimbo huo nimeuimba mimi mwenyewe miaka mingi, na nimeukuta karibu kila shule niliyopita. Sisi tunaoona tunasema mpira ni duara kwa sababu jicho likiutazama kwa mbali linachukua ule mzingo wake tu, kama kivuli. Mkono haupati kivuli. Mkono ukishika mpira unakuta umevimba kila upande, hauna mwanzo wala ukingo. Kwa hiyo unapomwambia mtoto asiyeona kwamba mpira ni duara, unamfundisha picha ya mpira, na picha hiyo hajawahi kuiona.

Na lile neno lake la kwanza, "hii ni njia", mimi lilinisimamisha kusoma. Kamba iliyobandikwa kwenye manila ni mstari, na mstari unaokwenda mpaka ukarudi ulikoanzia ni njia kweli. Ungemuuliza tu, "Njia hiyo ina kona?" angekujibu haina, na hapo somo la duara lingekuwa limeanza.

Mwenzako mkubwa mheshimu, lakini kwa hili usimfuate. Palikuwa na Mwingereza anaitwa Nicholas Saunderson, aliyezaliwa mwaka 1682. Ndui ilimpofusha akiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1711 alipewa kiti cha uprofesa wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, kile kile alichowahi kukikalia Isaac Newton. Maumbo aliyashughulikia kwa ubao wenye matundu: alichomeka vipini, akazungushia uzi kutoka kipini hadi kipini, akapata pembetatu, akapata mraba, akazipapasa pembe zake. Sikuletei habari zake ili uote binti yako awe profesa. Nakuletea ule ubao, kwa sababu wewe na fundi seremala wa kijijini mnaweza kuutengeneza jioni moja: kipande cha ubao, misumari midogo iliyopangwa kwa safu na kugongwa vichwa vyake hadi visichubue, na mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu mbovu ya baiskeli badala ya uzi. Uweke kabatini kwanza. Zamu yake haijafika.

Kosa lako, ambalo lilikuwa langu pia, ni kuanzia mwisho. Kadi ya kamba ni hatua ya mwisho kabisa. Mstari ulioinuka juu ya karatasi hauko mahali popote katika maisha ya mtoto huyu. Vilivyopo ni vitu: sufuria, kopo, kiberiti, sabuni. Anza na kitu kizima kinachojaa viganja vyake, mwache akifahamu, ndipo umtoe kwenye kitu umpeleke kwenye uso wa kitu, na kutoka kwenye uso aende kwenye alama ambayo uso huo unaiacha.

Nenda dukani ununue mche wa sabuni, ile ya kufulia. Angalia Kiswahili kilivyokusaidia: umbo lenye nyuso mbili sawa mwanzo na mwisho, lililonyooka kati yake, vitabu vyetu vya hisabati vinaliita mche, na muuza duka anaita hivyo hivyo. Mpe aushike wote, ausimamishe, aulaze, anuse. Kisha ukate mbele yake kwa uzi, mikono yake ikiwa juu ya yako, vipande kama vinavyouzwa. Kila ukikata, uso mpya unatokea na ni ule ule. Ukikata kwa kipimo atapata kipande ambacho pande zake zote ni sawa, na huo ni mchemraba wake wa kwanza. Siku hiyo usitaje mraba. Mwache azoee kwamba kitu kina nyuso, na nyuso zina kingo, na kingo zinapokutana panakuwa na pembe inayochoma kidogo.

Siku ya pili leta udongo wa mfinyanzi uliolainika, au mchanga mbichi kwenye sinia. Agandamize sabuni, aiondoe, apapase shimo lililobaki. Huo sasa ndio mraba, na ameutengeneza yeye. Kopo la maziwa likigandamizwa kwa kitako linaacha duara. Mpira ukigandamizwa unaacha kibakuli, na atakuambia mwenyewe kwamba havifanani, safari hii bila mtu wa kumcheka.

Halafu chukua chungwa. Alishike zima, akubali kwamba ni tufe kama mpira. Likate katikati, mpe nusu, mwambie apitishe kidole kwenye ukingo wa ganda pale lilipokatwa. Lile duara alilokuwa analitafuta kwenye mpira wa soksi lilikuwa humo ndani. Nimelifanya somo hili kwa watoto wengi na sijawahi kuchoka kuona uso wa mtoto kidole kinapomaliza mzunguko. Baadaye wale chungwa.

Nikueleze kwa nini nasisitiza vitu kiasi hiki. Nilipoanza kazi, katika kitengo cha wasioona ndani ya shule ya kawaida, nilikuwa na mvulana aliyejibu kila swali. Nyumba ikoje? Ina kuta nne, mlango, madirisha na paa. Nikampa alama zote. Muhula wa pili nikampa udongo afinyange nyumba. Alifinyanga kizingiti, ubao wa mlango, na kipande cha ukuta kilichoishia usawa wa kifua chake. Basi. Paa halikuwepo. Nikamuuliza paa liko wapi, akasema paa ni kelele za mvua. Hakuna aliyewahi kumnyanyua aliguse. Maneno alikuwa nayo yote, kitu hakuwa nacho, na mimi mwaka mzima nilikuwa nasahihisha maneno.

Mtoto wako naye anaimba kwamba mlango ni mstatili. Je, amewahi kugusa ncha ya juu ya mlango? Mtoto wa miaka 6 anaujua mlango hadi mkono wake unapofika, yaani anajua kingo mbili za pembeni na ya chini. Mstatili ana ushahidi wa robo tatu tu. Mpandishe kwenye kiti imara, umshike kiunoni, apapase mpaka juu, pembe zote mbili. Kisha mpe kiberiti, mwambie huu ni mstatili mdogo unaoenea mkononi, tafuta pembe zile zile.

Sasa mikono, na hapa nisikilize vizuri. Usimshike kiganja ukakiburuta juu ya kadi. Watu wazima tunafanya hivyo kwa upendo, lakini mkono wake ndio jicho lake, na hakuna anayependa kushikwa kichwa na kugeuzwa atazame. Weka mkono wako chini, wake uwe juu ya wako, uende taratibu, na akitaka kujitoa ajitoe. Binti aliyekataa kushika kadi atarudi kwa njia hiyo tu.

Jicho linapata umbo lote kwa mara moja. Kidole kinapata kipande, kisha kipande, na mwenyewe anaunganisha kichwani. Ndiyo maana alizunguka duara lako bila kukoma: hakujua kwamba ameshafika. Mfundishe kutumia mikono miwili. Kidole kimoja kinabaki nyumbani, kwenye pembe ya kuanzia, cha mkono wa pili kinasafiri na kuhesabu kona mpaka kikutane na mwenzake. Kwenye duara, ambalo halina kona, bandika punje moja ya mtama iwe nyumbani. Umbo lisizidi ukubwa wa viganja vyake viwili vikiwa pamoja, na pembe ziwe kali. Manila ikishapapaswa wiki mbili pembe hulegea na mraba ukaanza kufanana na duara. Ibadilishe.

Kuna neno dogo linalotusumbua sana: juu. Wewe ukisema "upande wa juu wa mraba" ukiwa na karatasi mezani, unamaanisha upande ulio mbali na tumbo lake. Yeye akisikia juu anainua mkono hewani, na ana haki, juu ni huko. Kubalianeni mapema: kwenye meza, juu ni mbali na wewe, chini ni karibu na tumbo lako. Na yale maneno yetu ya "hapa", "pale", "chora hivi" yaache kabisa. Sema mkono wa kulia, mkono wa kushoto, sema kona iliyo karibu na kidole gumba.

Atajuaje mraba na mstatili kwa kidole? Kata maumbo kwenye boksi gumu kwa wembe, utunze kipande kilichotoka na tundu lililobaki. Mraba ukiugeuza kidogo kidogo unaingia kwenye tundu lake kwa namna nne. Mstatili unaingia kwa mbili tu. Pembetatu yenye pande sawa, tatu. Duara linaingia tu, uligeuze utakavyo. Mtoto akicheza na vifuniko hivyo kwa wiki, hakuna haja ya kumkaririsha kwamba mraba una pande sawa. Ataugeuza mstatili, utakataa, naye atakuuliza kwa nini. Ukifika hapo, toa ubao wa misumari.

Majina nayo yafumbue, yanabeba zaidi tunavyodhani. Pembetatu inajitaja: hesabu pembe. Mraba na robo vina asili moja ya Kiarabu, ile ya nne. Na lile umbo lenye kitako cha duara na ncha iliyochongoka, ambalo vitabu vinaita pia, ni ile pia wanayoizungusha watoto kwa kamba. Mwombe mmoja wa wavulana amchongee. Ila kuwa mwangalifu na ile sambusa ya wimbo wako: ina pembe tatu kweli, lakini imevimba kwa nyama, na huyu binti ataliona hilo kabla yako. Afadhali umpe kitambaa cha mkononi cha mraba akikunje pembe kwa pembe. Hapo mraba umezaa pembetatu kwenye mapaja yake.

Somo moja ulifanye na darasa zima, nje. Pigilia kigingi uwanjani, funga kamba ya mita 2 au 3 kwa kitanzi kinachozunguka bila kujisokota. Mpe binti ncha nyingine, mwambie aivute ikaze na atembee bila kuilegeza, huku akiburuta kijiti ardhini. Ataingia kwenye alama aliyoanzia. Wote watalia kwa furaha maana duara lake litakuwa zuri kuliko lolote ulilowahi kuchora ubaoni. Yeye mwilini mwake atakuwa amelijua jambo ambalo wengi wetu tulikutana nalo sekondari: kwamba kila mahali pa ukingo wa duara ni umbali ule ule kutoka katikati. Siku nyingine fungeni kamba kwenye vigingi vinne, kimo cha kiuno, atembee akiishika. Kwenye mraba atahesabu hatua sawa na mageuko manne. Kwenye mstatili, hatua nyingi, chache, nyingi, chache.

Unao 68, najua. Ndiyo maana vitu hivi usivifanye vyake peke yake. Shona mifuko mitano ya kitambaa kizito, kila mmoja utie vifuniko, viberiti, vipande vya sabuni, korosho, na vikundi vishindane kutaja kitu na umbo lake bila kuchungulia. Wote wanafundishwa na mkono, na yeye hatakuwa wa mwisho. Kadi maalumu za mtoto mmoja mbele ya watoto 67 wanaotazama ndizo zilizoleta kicheko.

Kadi zenyewe utazirudia mwishoni mwa muhula. Badala ya gundi na katani, geuza manila, uilaze juu ya kandambili kuukuu, na upitishe nyuma yake kile kigurudumu chenye meno cha mafundi cherehani. Upande wa pili vitokee vinundu vilivyopangana. Kumbuka tu kwamba ukichora nyuma, kulia kunakuwa kushoto. Vinundu hivyo vitamzoeza pia kwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona, ambazo ataanza kuzisoma akiingia darasa la kwanza. Usijaribu kuchora kikombe au meza kama tunavyovichora: mdomo wa kikombe kwenye picha unakuwa kama yai, na hakuna mkono uliowahi kukuta kikombe chenye mdomo wa yai.

Yule mwenye ualbino ni habari nyingine, usimpe kamba na vinundu vya mwenzake kana kwamba ni kundi moja. Ana uoni hafifu na autumie. Mketishe mbele, dirisha likiwa nyuma ya mgongo wake, avae kofia hata darasani kama mwanga unamchoma, na umruhusu asogee ubaoni wakati wowote bila kuomba. Mchoree maumbo yake kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa. Wazazi wampeleke kwa wataalamu wa macho, hospitali ya KCMC Moshi au ya CCBRT Dar es Salaam, maana miwani au lenzi ya kukuzia inaweza kumwokolea mwaka mzima. Na binti naye apimwe upya: wapo tulioambiwa hawaoni kabisa, kumbe kuna mwanga kidogo wanaupata. Mama yake muulize taratibu kama wadogo zake wamepata chanjo ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18, na matone ya vitamini A. Surua ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini hiyo huharibu macho, na hilo linazuilika.

Kwa msaada wa karibu, Irente kule Lushoto wana shule ya wasioona, na ni mkoa wako huo huo. Omba ruhusa ukakae siku mbili, utazame mikono ya walimu wa pale. Ukipata nafasi ya kusoma, Patandi mkoani Arusha wanafundisha walimu wa elimu maalumu, na barua yako inaniambia ungefaa.

Kabla ya yote hayo fungua ile rekodi ya maendeleo. Ulimpima kwa kumwuliza kama tufe ni duara, akakataa. Futa uliloandika, uweke tiki, na Jumatatu mwambie mbele ya wenzake kwamba alikuwa sahihi na mwalimu alikosea. Kisha toa sabuni.

Mama Mwalimu